Upele, mwarobaini na maji ya ziwa: mfamasia anajibu

Haya wasomaji, karibuni tena. Safari hii karibu barua zote zimekuja na kujikuna ndani yake, sijui ni hii mvua inayonyesha alafu jua linawaka hapohapo au ni nini, ila Mwanza nzima naona inajikuna. Nimechagua hizi chache, zingine zimefanana.

Niseme kitu kimoja kwanza. Mi sio mtu wa kudharau miti shamba, nimekulia nyumba ambayo mwarobaini upo uani na shubiri ipo kwenye kopo la rangi. Ila swali mnaloniuliza kila mara ni "jani gani linatibu vipele", na hapo ndo tunapokosea njia, maana kuna vipele vya fangasi, vya mdudu, vya aleji, vya virusi, na ukiviangalia harakaharaka vinafanana. Jani linalosaidia hiki, kwa kile halifanyi kitu, na kwa kingine linaunguza kabisa. Kwa hiyo kila barua ntaanza na vipele vyenyewe ni nini, jani litafuata.

Dada mfamasia habari za kazi. Nyumba yangu nzima tunajikuna, alianza mwanangu mkubwa aliporudi likizo kutoka bweni, akafuata mdogo wake, sasa mpaka mimi na baba yao. Usiku ndo balaa. Mama mkwe anatuchemshia mwarobaini tunaoga asubuhi na jioni, tukioga tunapata nafuu alafu tukipanda kitandani inarudi palepale. Je mwarobaini ni dawa kweli au tunajichosha? (Mama Kulwa, Igoma)

Mama Kulwa pole sana, na msalimie mama mkwe. Angalia mikono ya huyo mtoto aliyetoka bweni, katikati ya vidole, na kwenye viwiko vya mkono kwa ndani. Ukiona vimstari vidogo vya kijivu vimejipinda, na pembeni yake vipele vyenye kichwa, huo ni upele wenyewe ule wa kuambukiza. Unasababishwa na mdudu ambaye kwa macho humuoni vizuri, jike lina urefu wa milimita 0.3 au 0.4 hivi, linachimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili matatu kwa siku. Kinachoshangaza wengi ni kwamba mtu mwenye upele wa kawaida mwili mzima ana wadudu 10 mpaka 15 tu. Ule muwasho wote ni mwili wako unavyowakataa hao wadudu, mayai yao na kinyesi chao. Ndo maana mtu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 hajikuni kabisa, huku anaambukiza wenzake kitandani.

Sasa mwarobaini. Huu mti umechunguzwa sana, maabara nyingi zimeonesha una vitu vinavyoua au kudumaza wadudu, fangasi na bakteria. Na kuna utafiti wa India wa mwaka 1992 ambao watu wanaupenda sana kuutaja: watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano mabichi, asilimia 97 wakapona ndani ya siku 3 mpaka 15. Ukisoma hivyo unaona tayari, kazi imekwisha! Tatizo ni kwamba hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha, yaani wagonjwa wengine wapewe dawa ya kawaida au wapakwe kitu kisicho dawa, tuone tofauti. Alafu angalia walichofanya: walipaka uji mzito wa majani mwili mzima. Nyinyi mnaoga maji yaliyochemshwa. Maji yanateremka yanaishia kwenye bomba la uani na mdudu yupo ndani ya ngozi anaendelea na mambo yake. Nafuu mnayoipata ni ya maji yenyewe, ngozi inapoa kidogo.

Kwa hiyo nendeni duka la dawa muombe BBE, ile dawa nyeupe kama maziwa, au kama mfuko unaruhusu krimu ya permethrini ya asilimia 5. Na mama mkwe mwambieni hii permethrini ukoo wake ni ua la pareto, lile linalolimwa Iringa na Mbeya, wanasayansi waliiga sumu ya lile ua ya kuulia wadudu wakaitengeneza kiwandani ikawa inadumu zaidi. Nadhani atafurahi.

Mpake wote usiku mmoja, hata asiyejikuna, hata dada wa kazi, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri kwa nje. BBE inakaa saa 24 ndo mnaoga, permethrini saa 8 mpaka 14, alafu mnarudia baada ya wiki maana mayai mengine yanakuwa yameanguliwa. BBE kwa mtoto lazima izimuliwe na maji, mwambieni muuza dawa umri wa kila mtoto awaelekeze, na kama kuna kichanga au mjamzito semeni kabla ya kununua. Mashuka na nguo za siku hizo zifueni kwa maji ya moto na kuanika juani, ambazo hazifuliki zifungeni kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, huyu mdudu akitoka kwenye ngozi ya mtu hamalizi siku 3.

Alafu jambo ambalo linawafanya watu wengi waseme dawa imekataa: muwasho unaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4 hata wadudu wakiwa wamekufa wote. Msirudierudie kupaka kila siku, BBE yenyewe inaunguza ngozi.

Mama mkwe akitaka kuendelea na maji yake ya mwarobaini ya kuoga, muacheni, yakipoa muoge, mjikaushe, ndo mpake dawa. Ninachokataza ni kunywa. Hasa mafuta ya mwarobaini kumpa mtoto mdogo mdomoni, kuna taarifa za madaktari tangu miaka ya 1980 kutoka Malaysia za watoto wachanga waliopewa wakaanza kutapika, degedege, wengine wakafa. Na mjamzito asiunywe.

Mambo vipi dokta. Mi nipo Mwaloni Kirumba, napakua dagaa. Nikishuka majini kuosha vyombo mchana nikitoka baada ya muda miguu inawasha, vinatoka vipele vidogo vyekundu vinakaa siku mbili vinapotea. Bibi kanambia nipake kivumbasi. Napaka na vinapotea kweli. Sasa wenzangu wananambia sio vipele vya kawaida. (Kijana wa Mwaloni)

Poa mdogo wangu, mi sio dokta ni mfamasia ila tutaelewana. Wenzako wana akili. Vipele vinapotea kwa sababu aliyevisababisha ameshaingia ndani.

Kwenye maji ya pembeni mwa ziwa, pale penye majani na matope, kuna konokono wadogo, na baadhi yao wanabeba vijidudu vya kichocho. Jua likiwaka, kuanzia kama saa nne mpaka saa nane mchana, ndo wanawatoa kwa wingi, vijidudu vinaogelea vinatafuta ngozi ya mtu, na vikikupata vinapenya ndani ya dakika chache bila hata kidonda. Pale vilipopenya ngozi inaweza kuwasha na kutoa vipele. Baada ya hapo wewe unaona umepona ila vyenyewe vinasafiri kwenye damu, vinakomaa, vinakaa kwenye mishipa ya tumbo na kutaga mayai miaka na miaka. Kichocho chetu cha ziwani huku ni cha tumbo zaidi, mtu anaharisha damu, ini linavimba na baadae tumbo linajaa maji au anatapika damu. Wale watu wazima wa visiwani wenye matumbo makubwa ambao watu wanasema wamerogwa, wengine ni hicho.

Kivumbasi kinanukia vizuri, kinafukuza mbu, wala sina ugomvi nacho, lakini hakimfuati mdudu aliyeshaingia kwenye damu. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako, mara moja, ile ile wanayopewa watoto shuleni kwenye kampeni. Na hapa kuna siri: prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiacha. Ukiimeza kesho yake baada ya kuwashwa unaweza usipate faida. Mtu aliyeingia maji mara moja anasubiri wiki 6 mpaka 8, anapima choo alafu anameza. Wewe ambaye upo majini kila siku usisubiri chochote, nenda kituo cha afya wiki hii kapime, na uwe unarudi kila mwaka.

Kwenye kujikinga, buti ndefu za plastiki ukizipata vaa. Maji ya kuogea yakichotwa yakakaa kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili, hao vijidudu wanakuwa wamekufa, maana nje ya konokono na nje ya mtu hawana maisha marefu. Kujipangusa kwa nguvu na taulo ukitoka majini kunasaidia kidogo tu, usikitegemee.

Na kwa kuwa mada yetu ni miti shamba, ngoja nikupe hii maana naipenda. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia anaitwa Aklilu Lemma alikuwa anatafiti kichocho huko Adwa, akaona sehemu kina mama wanapofulia, chini yake kwenye mkondo konokono wamekufa wamezagaa. Wale mama walikuwa wanafua kwa matunda ya mmea unaitwa endodi, unatoa povu kama sabuni. Akachunguza, kweli, yale matunda yanaua konokono wa kichocho, na kazi hiyo ilimpatia yeye na mwenzake tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Yaani mti shamba ulikuwepo, ila kazi yake haikuwa kupakwa kwenye kipele, ilikuwa kwa konokono. Ila usije ukaenda kumwaga majani ziwani, endodi inaua na samaki, sasa hapo Mwaloni utamweleza nani.

Dada mi ni mwanachuo naishi Nyegezi. Nilitoka choa shingoni, duara kabisa. Nikanunua krimu ya mitishamba mnadani, kopo halina jina, mwenye kuuza anasema ni asili asilimia mia. Siku ya tatu ikaisha! Nikaacha, ikarudi kubwa mara mbili, nikapaka ikaisha, sasa hivi imesambaa mpaka kifuani, haina hata duara, na ngozi imekuwa laini inang'aa naona mishipa. Nijaribu kitunguu swaumu? (Binti wa Nyegezi)

Mdogo wangu, weka chini hilo kopo kwanza.

Fangasi ni mpole na mkaidi, dawa halali ya choa inachukua wiki 2 mpaka 4, haiwezi kuwa siku 3. Kitu pekee kinachofuta uwekundu na muwasho kwa siku mbili tatu ni steroidi, kama betametasoni au klobetasoli, zile zile ambazo watu wanachanganya kwenye mkorogo. Steroidi inanyamazisha kinga ya ngozi, uwekundu unaondoka, na fangasi anabaki peke yake anajitanua kwa raha zake. Ndo maana duara limepotea na ngozi imekuwa nyembamba. Siwezi kuapa kilichomo kwenye kopo lako bila kupima ila dalili ulizoandika ndo hizo hizo.

Na sio mchezo wa hapa kwetu tu. Mwaka 1999 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa matokeo ya madaktari wa London waliopima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakitumia wagonjwa wa ngozi. Krimu 8 zilikutwa na deksametasoni, ambayo ni steroidi. Wagonjwa, wengine watoto wadogo, walijua wanapaka majani.

Kitunguu swaumu, hapo umegusa kitu. Kina kemikali inaitwa ajoeni ambayo kweli inaua fangasi, huko Venezuela waliwapaka wanajeshi wenye fangasi za miguu jeli ya ajoeni wakalinganisha na dawa ya terbinafini, ajoeni ikafanya vizuri tu. Lakini ile ilikuwa ajoeni iliyotolewa na kupimwa, asilimia 0.6 na asilimia 1. Punje mbichi iliyotwangwa ukaifunga shingoni usiku kucha ni habari nyingine, inaunguza ngozi mpaka inatoa malengelenge, na ngozi yako ilivyo nyembamba sasa hivi utabaki na kovu. Usijaribu. Na wale wanaopaka maji ya betri au mafuta ya taa kwenye choa, jamani, jamani.

Unachofanya: acha ile krimu, ujue siku za mwanzo itawasha na kuwa nyekundu zaidi kwa hiyo usirudi nyuma. Choa kidogo unatibu mwenyewe kwa klotrimazoli mara mbili kwa siku, au Whitfield ambayo ni rahisi, ina asidi ya benzoiki 6 na ya salisiliki 3 kwa mia, inakwangua ngozi iliyokufa na fangasi wake, usoni na kwenye mikunjo usiipake inachoma. Unapaka mpaka wiki moja au mbili baada ya kuona imeisha. Ila wewe imesambaa kwa hiyo nenda kwa daktari akuone, huenda ukahitaji vidonge. Na hilo kopo nenda nalo, usilitupe. TMDA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, wana ofisi Mwanza, wanapokea taarifa za hivi.

Hapohapo niwajibu mama wawili walioniuliza mapunye ya watoto kichwani: kupaka tu hakutoshi, iwe jani iwe krimu, maana fangasi yupo ndani ya unywele kwenye shina. Mtoto anahitaji vidonge vya griseofulvini kwa uzito wake wiki 6 au zaidi, na ameze pamoja na chakula chenye mafuta vinafyonzwa vizuri. Kitana na wembe wa saluni msichangie.

Naweza kutumia ndimu kuondoa madoa meusi ya vipele usoni? (Mama ntilie, Mkuyuni)

Hapana mama. Ndimu na limao vina kemikali ambayo ikikutana na jua kwenye ngozi inaunguza, siku moja au mbili baadae unapata malengelenge, alafu doa jeusi kuliko ulilokuwa unalifuta, na linakaa miezi. Hata maji ya ndimu yanayokutiririkia mkononi ukikamulia samaki, nawa kabla hujatoka juani. Madoa ya vipele yanafifia yenyewe taratibu kama hutumbui.

Shikamoo mfamasia. Mimi ni mzee wa miaka 61, Sengerema. Upande wa kushoto wa mbavu ulianza kuuma kama moto, siku tatu baadae vikatoka vipele vya maji vimejipanga kama mkanda. Kijana wangu anasema ni nairobi flai, jirani ameleta maziwa ya minyaa nipake. (Mzee wa Sengerema)

Marahaba ila mimi ndo wa kukuamkia mzee wangu, shikamoo. Usipake minyaa, tafadhali sana. Yale maziwa meupe ya ule mmea wa wigo yanachubua ngozi, yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha, na wanasayansi wanayashuku hata kwenye saratani ya Burkitt, ule uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wetu huu.

Nairobi flai, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayekuja kwenye taa wakati wa mvua, anaunguza pale alipopondwa, unalala mzima unaamka na mchubuko unaowaka. Hatangulii na maumivu siku tatu ndani ya mbavu. Wewe maumivu yametangulia, upande mmoja, mstari, maji: huo ni mkanda wa jeshi. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni, vililala kwenye mshipa wa fahamu sasa vimeamka.

Hapa muda ndo kila kitu mzee wangu. Vidonge vya asiklovia vinafanya kazi vizuri vikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, kwa hiyo ukisoma hapa kama bado hujaenda, nenda leo. Hata kama saa 72 zimepita nenda, yale maumivu yana dawa zake na vidonda vikiingia uchafu vina dawa zake. Na mkanda ukikufikia kwenye paji la uso au karibu na jicho hiyo ni dharura. Watakushauri upime na virusi vya ukimwi, usione umevunjiwa heshima, mkanda wa jeshi unatokea kwa umri peke yake ila unatokea pia kinga ikishuka, ni vizuri kujua. Majani ya kupaka hapa sina la kukupa. Kitambaa safi cha maji ya baridi kinapoza.

Mdogo wangu ana ualbino, ana kidonda juu ya sikio kina miezi minne, kinakauka kinatoka damu. Tunaweka asali. (Magu)

Asali ni kati ya dawa za asili zenye ushahidi mzuri kuliko zote kwenye moto na vidonda, hata hospitali zina asali maalum iliyosafishwa. Lakini kidonda kisichopona miezi minne kwa mtu mwenye ualbino, mahali panapopigwa na jua, kinahesabiwa ni saratani ya ngozi mpaka kipimo kiseme sio. Mpelekeni hospitali ya Bugando. Ikikatwa mapema inapona. Msimalizie chupa ya asali kwanza. Na mkiwa huko muulizieni mafuta ya kujikinga na jua, kule Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC wanayatengeneza kwa ajili yao hao.

Dada habari. Mwanangu ana mwaka na nusu, ana ukurutu kwenye mashavu na mikunjo ya magoti, daktari alisema ni pumu ya ngozi. Nampaka shubiri, nalia naye. Nimeambiwa mafuta ya nazi. Huku Ukerewe nazi ni ghali. (Mama wa Nansio)

Salama mama. Huyu mtoto ngozi yake imezaliwa na ukuta dhaifu, maji yanatoka na vichokozi vinaingia, kwa hiyo kazi kubwa ni kuulinda huo ukuta kila siku, hata siku ambazo haionekani kitu.

Shubiri kwanza, kwa nini analia. Jani la shubiri lina vitu viwili: ute mweupe wa katikati, na maji ya njano machungu yaliyopo chini ya ganda. Ukikata na kupaka hapohapo unampaka yote mawili, na yale ya njano yanawasha. Hata ukiyatoa, kwenye pumu ya ngozi ushahidi wa shubiri ni mwembamba, muache mtoto apumzike.

Nazi, huyo aliyekwambia hajakudanganya. Ufilipino walichukua watoto 117 wenye pumu ya ngozi, nusu wakapaka mafuta safi ya nazi yasiyopikwa, nusu mafuta ya madini yale ya jamii ya mafuta ya watoto ya dukani, wiki 8, matokeo yakachapishwa 2014. Wa nazi ukali wa ugonjwa ulishuka asilimia 68, wenzao 38. Angalia hapo lakini, na wenzao walipata nafuu, kwa mafuta ya kawaida tu. Kwa hiyo usijione umemnyima mwanao kitu. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, kopo kubwa, yanafanya kazi.

Namna ya kupaka ndo inayowashinda wengi. Muogeshe mara moja kwa siku maji ya uvuguvugu, dakika tano kumi, sabuni ya mche iache kwa nguo, tumia isiyo na harufu na kidogo. Mtoe, mguse na taulo bila kumsugua, na akiwa bado na unyevunyevu ndo umpake, mwili mzima, mengi. Rudia mchana na usiku. Mkatie kucha. Sweta la sufi lisimguse ngozi moja kwa moja. Siku ambazo imewaka nyekundu daktari akimwandikia haidrokotisoni ya asilimia 1 usiogope kwa sababu ya nilichomwandikia binti wa Nyegezi, ile ni steroidi dhaifu, kwa siku chache na sehemu iliyowaka tu, inasaidia. Ukiona inatoa usaha au maganda ya rangi ya asali, au vimetokea ghafla vipele vingi vya maji na mtoto ana homa, hiyo sio ya kutibu nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu bei, kuna kitu kipo jikoni kwako: mafuta ya alizeti. Uingereza walilinganisha mafuta ya mzeituni na ya alizeti kwenye ngozi, ya mzeituni yakaonekana yanaharibu ule ukuta, ya alizeti yakauacha salama. Kwa hiyo hata anayekuletea mafuta ya mzeituni ya bei mbaya kutoka mjini mshukuru na uyaweke kwenye kachumbari. Alizeti jaribu kwanza kidogo kwenye mkono wake siku mbili uone kama yanamkubali, yawe yaliyochujwa vizuri, chupa mpya uitenge iwe ya mtoto, na sio yale yaliyokwisha kukaanga sato.